Malalamiko Kuhusu Sanduku Langu la Bati na Kizimba Chenu cha Chuma

Kwa Mkuu wa Mizigo ya Mkononi,
Ofisi ya Shirika la Ndege,
Ghorofa ya pili, mlango ulio karibu na mashine ya maji.

Ndugu Mkuu,

Kosa wanalofanya watu wengi kabla ya safari ya ndege ni kupima begi kwa macho. Mtu hulisimamisha begi sakafuni, hurudi nyuma hatua mbili, huinamisha kichwa upande kama anayetazama picha ya harusi, kisha husema, "Hili litaingia." Akifika uwanja wa ndege haliingii, na hapo ndipo utamwona anavaa koti juu ya koti mbele za watu. Mimi sikufanya kosa hilo. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita, na katika muda huo wote sikuwahi kumpa mwanafunzi hata nusu alama kwa jibu la "litaingia." Ndiyo maana nakuandikia kwa masikitiko, ila kwa utulivu, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Binti yetu anaishi ng'ambo. Siku kumi na moja zilizopita alijifungua mtoto wa kike, mjukuu wetu wa kwanza, akatutumia tiketi mbili: ya mama yake na yangu. Juzi Jumanne mke wangu alisafiri. Mimi nipo nyumbani, nakula mikate ya dukani. Kiti changu, namba 23A, cha dirishani, kilikwenda kitupu, ukiacha miguu ya mke wangu, ambaye amenijulisha kwa simu kwamba alijinyoosha vizuri sana na kwamba hajawahi kulala hivyo tangu tuoane.

Binti wa kaunta yenu, ambaye sina ugomvi naye, alinisogezea tiketi hadi Jumamosi hii. Akanieleza kwamba inasogezwa mara moja tu. Jumamosi ikipita, tiketi imekufa, na binti yetu hana uwezo wa kutuma nyingine. Leo ni Alhamisi. Naambiwa mtoto amekwisha kufungua macho na anamkodolea kila anayemwinamia. Sitaki azizoee nyuso za ukoo mzima kabla ya wangu.

Sasa nikueleze kuhusu sanduku, kwa kuwa ndilo kiini cha mambo.

Nilipoipata tiketi nilisoma masharti yenu yote, hata yale ya maandishi madogo ambayo naamini aliyeyaandika mwenyewe hajayasoma. Mnasema mzigo wa mkononi usizidi sentimita hamsini na tano kwa arobaini kwa ishirini. Nikazunguka madukani siku nzima. Kila begi nililoliona ama lilikuwa dogo kuliko haki yangu, ama kubwa kuliko sheria yenu. Basi nikaenda kwa fundi bati, nikamwambia anitengenezee sanduku la vipimo hivyo hivyo, bila kuzidi na bila kupungua. Huenda mimi ndiye abiria wa kwanza kuwahi kuijengea sheria yenu nyumba.

Sikumruhusu fundi bati atumie kipimo chake, kwa maana mafundi wengi hawajui kupima. Nasema hivyo kwa ushahidi. Seremala jirani yangu, miaka kumi na moja iliyopita, nilimpa vipimo vya mlango wa jikoni nilivyovipima kwa mkono wangu. Akaleta mlango uliopungua vidole viwili ubavuni na kiganja kizima chini. Paka wa mtaa mzima hupita hapo bila kuinama. Nilipomuuliza alisema, "Mwalimu, nimefuata namba zako." Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa vichwa tu.

Kwa hiyo fundi bati nilimpa utepe wetu wa nyumbani, ule wa kitambaa, wa cherehani ya mke wangu. Ni utepe ninaouamini kuliko watu wengi. Kwa miaka kumi na miwili niliutumia kufungia madaftari ya wanafunzi kwenye kibebeo cha baiskeli, madarasa matatu kwa mkupuo, nikiukaza kwa goti, mvua na jua, na haukukatika hata siku moja. Fundi bati akapima, nikapima baada yake, akapima tena kwa kuniridhisha. Hamsini na tano kwa arobaini kwa ishirini. Ndani nikapanga vitu vya mjukuu: ubao mdogo wa kuandikia, chaki dazeni mbili, rula ya mbao, na jedwali la kuzidisha nililolichora mwenyewe kwa rangi nne. Mke wangu aliuliza mtoto wa siku nane ana haja gani na jedwali la kuzidisha. Nikamjibu kwamba wanaochelewa ndio huuliza hivyo.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu, kwa namba, ili iwe rahisi kuyajibu moja baada ya jingine.

1. Kizimba chenu. Pale karibu na kaunta mmeweka kizimba cha chuma, na kila abiria hutakiwa kutumbukiza mzigo wake humo. Nilitumbukiza sanduku langu. Likakaa juu ya kizimba kama kifuniko cha sufuria isiyo yake.

"Pole babu, haliingii," binti wa kaunta akasema.

"Lisukume, mwanangu."

"Nimesukuma, babu."

Akaitwa msimamizi wake, kijana mwenye tai fupi, akaja na kipimo cha chuma cha kuvuta. Akalaza, akasoma: "Hamsini na nane, mzee. Na huku arobaini na mbili. Na huku ishirini na moja."

Ndugu Mkuu, hapa naomba nikukumbushe jambo ulilofundishwa ukiwa mdogo. Chuma kikipata baridi hunywea. Ukumbi wenu una baridi ya kutunzia nyama. Binti wa kaunta mwenyewe alikuwa amejifunika shali. Kizimba hicho kimesimama kwenye baridi hiyo mchana na usiku kwa miaka. Kimenywea. Kipimo cha msimamizi nacho, kwa kuwa ni cha chuma na kinaishi humo humo, kimenywea pia, na kipimo kilichonywea husoma namba kubwa kuliko ukweli. Utasema: na sanduku si la bati? Ni la bati. Lakini lilitoka kwenye buti ya teksi iliyosimama juani, kwa hiyo lilikuwa limetanuka. Msimamizi alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, watu wako nyuma yako." Hilo si jibu la kisayansi. Naomba kizimba kiwe kinaanikwa juani saa moja kila asubuhi kabla ya kazi.

2. Uzito. Mnaruhusu kilo saba. Sanduku langu peke yake ni kilo nne, kwa hiyo niliingiza kilo tatu tu za elimu. Sikulalamika. Lakini mbele yangu alikuwapo bwana mmoja mwenye afya njema, ambaye kwa makadirio yangu ni kilo mia moja na ishirini, akiwa na kibegi cha kilo mbili. Akapita. Mimi nina kilo hamsini na nne, nimekuwa na hizo hizo tangu nimalize chuo. Ukimjumlisha bwana yule na kibegi chake unapata mia moja ishirini na mbili. Ukinijumlisha mimi na sanduku, sitini na moja. Ndege haijui kipi ni nyama na kipi ni bati. Yenyewe inabeba jumla. Kwa hiyo bwana yule alisafiri na kilo sitini na moja zaidi yangu, na ndiye aliyeitwa mwepesi. Naomba tupimwe pamoja na mizigo yetu, au kilo nilizojinyima kwa miaka arobaini zihamishiwe kwenye sanduku langu.

3. Mavazi. Msimamizi alinishauri kwa upole kwamba vitu visivyoingia kizimbani naweza kuvivaa. Maana yake sheria yenu haihesabu kilicho mwilini. Nilimtazama mama mmoja akivaa magauni matatu na kilemba juu ya kilemba, akaonekana amepata neema ya ghafla, na hakuna aliyemgusa. Nikauliza: je, nikilivaa sanduku? Lina vishikio viwili. Ningepitisha kamba nikalivaa mgongoni kama kizibao cha bati, au kichwani kama kofia. Binti wa kaunta akacheka akaficha uso kwa shali. Msimamizi akasema hapana. Sababu hakutoa, ila kwa ajili ya foleni akaniacha nipite nalo, nikaamuliwe kwenye mlango wa kupandia ndege. Naomba orodha kamili ya vitu ambavyo ni nguo na vitu ambavyo si nguo, ikiwa imepigwa mhuri.

4. Vimiminika. Kule kwenye ukaguzi nilikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, ya mililita mia mbili, iliyobaki nusu. Mkaguzi akaisoma ubavuni akasema imezidi, mwisho ni mia moja. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba dawa iliyomo ni mia moja, na mia iliyobaki ni hewa. Akasema yeye anapima chupa, hapimi dawa. Basi nikanywa dawa yote pale pale mbele yake, ili ionekane nani ana akili. Nikawa mzito wa macho kidogo, lakini nilipita.

Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi na macho mazito ndipo nikaona shimo lililomo katika sheria yenu. Zaidi ya nusu ya uzito wa binadamu ni maji. Mimi peke yangu ni lita thelathini hivi. Yule bwana mwenye afya ni pipa. Kila siku mnapitisha mapipa ya vimiminika mlangoni, bila kuyatia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, huku mnashindana na vijiko viwili vya dawa. Sisemi tuzuiwe. Nasema kwamba anayeruhusu lita thelathini za mzee hana uso wa kukataa sentimita tatu za bati.

5. Mke wangu. Hili ndilo linaloniuma. Tulipoitwa kupanda ndege, mlangoni pakawa na kizimba kingine, ndugu wa yule wa kwanza, naye akakataa. Wakasema sanduku liende tumboni mwa ndege pamoja na mizigo mikubwa. Mke wangu akasema, "Mwalimu, waachie wakaliweke huko, twende zetu." Nikamweleza kwamba kulipeleka huko ni kukiri kosa ambalo sikulitenda. Nikaanza kumweleza tena habari za chuma na baridi. Akalitazama sanduku, akanitazama mimi, akatazama saa ya ukutani.

"Basi baki nalo," akasema. "Mimi nakwenda kwa mtu anayelia kwa sababu ya maana."

Akaingia na kibegi chake cha kitambaa. Hakikugusa hata ukingo wa kizimba.

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Ndugu Mkuu. Tumevuka ukame, uhamisho wa kikazi mara saba, na dada yangu aliyekuja kututembelea wiki mbili akakaa miaka sita. Hatukuwahi kutenganishwa. Mmetutenganisha ninyi, kwa sentimita tatu.

Nimelifikiria suala hili siku mbili, na nadhani nimepata suluhisho ambalo halivunji sheria yenu hata moja. Mnaruhusu kila abiria mzigo mmoja wa mkononi pamoja na kitu kimoja cha binafsi. Mke wangu alitumia haki ya mzigo, ile ya kitu cha binafsi hakuitumia. Naomba nisajiliwe kama kitu cha binafsi cha mke wangu, kilichosahaulika uwanjani, na nitumwe kumfuata. Halafu sanduku likae kwenye kiti 23A, kwa kuwa kiti hicho kina tiketi halali na sanduku halitadai chakula wala kwenda chooni.

Ili nisikuletee ombi bila takwimu, jana nilimwita fundi bati aje anipime nikiwa nimejikunja. Nilikaa sakafuni, magoti kidevuni, mikono imezunguka miguu. Akanipima kwa utepe ule ule: sabini na nne kwa arobaini na nne kwa thelathini na nane. Nakubali kwamba nazidi. Lakini bati halibonyei, mimi nabonyea. Fundi bati alinisukuma kidogo begani nikapungua sentimita mbili, na kama nisingekuwa nimekunywa chai tungefika mbali. Ilichukua muda kunikunjua, lakini naamini wahudumu wenu wamefundishwa huduma ya kwanza.

Kwa ufupi, basi, naomba mambo matatu kabla ya Jumamosi: kizimba kianikwe, sanduku lipite, na mimi nimwone mjukuu wangu. Ukishindwa yote mawili ya mwanzo kwa sababu za kiofisi, usinijibu kwamba na la tatu limeshindikana, maana hilo silo lako kulishindwa.

Nisalimie binti wa kaunta, mwambie asiache shali yake. Msalimie msimamizi, na akipata nafasi anunue tai ndefu kidogo. Mkaguzi wa chupa mwambie kikohozi kimepona. Bwana wa kilo mia moja na ishirini akirudi, mwambie sina chuki naye, zilikuwa hesabu tu. Marubani wote, na wanaofagia ndege ambao hakuna anayewakumbuka, nawasalimu.

Wako katika vipimo sahihi,

Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Abiria wa kiti 23A.

Nyongeza:

Nilikuwa nakunja barua hii mke wangu akapiga simu kutoka huko. Nikamsomea, nikitarajia sifa. Namba tano ilipokwisha akauliza:

"Mwalimu, huyo fundi bati umesema alipimia nini?"

"Utepe."

"Utepe upi?"

"Ule wa kwenye droo ya cherehani."

Nikasikia anamwambia binti yetu, na wote wawili wakaangua kicheko, na katika kicheko hicho mtoto akashtuka akalia. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia mjukuu wangu. Ana sauti ya mtu mwenye hoja.

"Ule si utepe," mke wangu akasema alipopata pumzi. "Ule ni kamba ya baiskeli. Tangu uliponirudishia nimeuacha. Napimia mapazia tu, maana pazia likizidi hakuna anayelia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukanieleza jinsi pamba inavyolimwa."

Nikakata simu kwa adabu. Nikafungua sanduku, nikatoa rula ya mbao ya mjukuu, nikaulaza utepe kando yake. Rula inasema thelathini. Utepe unasema ishirini na nane na nusu kasoro kidogo. Umevutika, Ndugu Mkuu. Umevutwa kwa goti langu mwenyewe, miaka kumi na miwili, madarasa matatu kwa mkupuo. Nikapiga hesabu mara mbili: hamsini na tano za utepe huu ni hamsini na nane za dunia. Kizimba chenu kina akili timamu. Kipimo cha kijana wa tai fupi hakikunywea, na sikutengeneza sanduku la sheria yenu bali la baiskeli yangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Utauliza kwa nini basi nakuletea barua. Ni kwa sababu niliwakataza wanafunzi wangu kuchana ukurasa wenye makosa. Aliyekosea huandika masahihisho chini, kwa mwandiko ule ule, ili mwalimu aone ametoka wapi. Haya ndiyo masahihisho. Namba moja hadi tano zifute. Namba nne, sehemu ya hewa ndani ya chupa, bado nadhani nilikuwa sahihi, lakini nayo ifute.

Nilipofika hapo nikaukumbuka mlango wa jikoni, nilioupima kwa utepe huu huu.

Niliweka kalamu nikatoka. Seremala alikuwa kwenye karakana yake akipiga randa. Nikamwamkia kwa mdomo. Akaisimamisha randa. Nikamwonyesha utepe na rula, sikuongeza neno, jambo ambalo kwangu si dogo. Akavishika, akavilinganisha mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "miaka kumi na moja nasubiri hilo daftari lirudi."

Kisha akaniuliza ningesafiri na nini. Nilipomwambia sijui, akamwaga misumari na patasi zake zote juu ya meza, akakung'uta mfuko wake wa turubai, akaupima kwa rula yake ya chuma huku akinitazama usoni: hamsini, thelathini na tano, kumi na nane. Ubao umeingia, chaki zimeingia, rula imeingia, jedwali limekunjwa likaingia. Sanduku la bati nimemwachia atilie misumari. Mlango ataukata upya nikiwa safarini.

Jumamosi nitakuwa pale kabla hamjafungua. Wewe nakuomba jambo moja tu, na mwambie kila atakayepita mlangoni pako: leo hii, kabla hujampimia mtu mzigo wake, chukua kipimo chako ukilaze kando ya rula.